Mwenyeji wa Petra

Jumatano, 26 Novemba

Mambo yamejipa! Kikundi cha kanisani kinakwenda mji wa kale wa Petra sikukuu ya taifa ya Waarabu wa hapa, na kiongozi wa msafara ni mimi. Nilishamwambia Emiliana, yule wa hotelini Al Barsha, kuwa Petra mimi ni mwenyeji, nimefika mara mbili. (Sijafika hata Amman, ndege inapotua.) Emiliana kasema posa yangu atanijibu tukirudi. Kenneth, Mganda anayelala kitanda cha juu yangu hapa bwenini Al Qusais, naye anakuja. Anamtaka Emiliana huyo huyo. Maskini Kenneth.

Ijumaa, 28 Novemba

Nimetazama video ya Petra nikiwa chooni, Kenneth asinione. Chaji imeisha nikiwa nimefika langoni tu. Si kitu. Kenneth kauliza kama kuna ngazi. Nimemwambia zipo chache.

Jumapili, 30 Novemba, Petra

Baridi! Nimeongoza msafara kwa kujiamini hadi kwenye banda la farasi. Nikasema huo ndio utaratibu, farasi kwanza. Mwenye farasi kasema yalla, yalla, haya nendeni, njia ni kule.

Kisha njia ikaingia kwenye ufa wa mwamba. Majabali huku na huku, mbingu imebaki utepe. Nilikuwa na hotuba. Imepotea. Unatembea, mwamba unakubana, ghafla unakuachia, na mbele yako limesimama jumba zima, nguzo na mapambo, limetoka ndani ya jiwe. Halikujengwa, limechongwa. Kenneth kasoma kibao: walianza juu wakashuka chini. Ukikosea, basi, jiwe halirudishwi. Kwa patasi! Na mimi rafu ya viatu niliyoipigilia mwenyewe imeegemea ukuta hadi leo. Nilisimama pale mdomo wazi. Kofia ikaanguka, sikuiokota. Nililia, nasema kweli.

Emiliana alikuwa ananitazama mimi, si jumba. Kasema polepole, "Deus, mtu aliyewahi kufika hapa hatazami hivyo."

Kikundi kizima kimesikia. Kenneth kasema njia ya mwongo ni fupi. Si kweli. Ule ufa una zaidi ya kilomita.

Jumanne, 2 Desemba, ndani ya ndege

Nimevuliwa uongozi, kapewa Kenneth. Jana kapanda zile ngazi "chache" hadi kileleni. Leo hawezi kuvaa viatu.

Emiliana kaja kukaa kiti cha jirani yangu. Kasema miaka yote alikuwa akisikia maneno yangu tu, ila pale mbele ya jumba ndipo alipomwona mtu. Jibu ni ndiyo! Sharti moja: nisimdanganye tena. Nimeapa kwa jina la mama yangu.

Ijumaa, 5 Desemba

Mchumba wangu kauliza fungate twende wapi. Nimemwambia Misri. Piramidi nazijua kama chumba changu, hata walinzi wake tunaitana shemeji. Kanitazama muda mrefu, mdomo wazi. Kastaajabu tu, kama mimi siku ile.