Utando Uliopigwa Pasi

Wananchi wote mnatangaziwa kwamba giza limefutwa. Limefutwa rasmi, kwa waraka wenye mhuri, na yeyote atakayelikuta giza nyumbani kwake ajue kuwa hilo ni giza lake binafsi, serikali haihusiki nalo.

Ndivyo ulivyosema waraka uliobandikwa mlangoni pa Idara ya Nishati Tamu na Mambo Yanayohusiana Nayo, ambako mimi ni Mkuu wa Usafi. Chini yangu kuna mafagio, ndoo na pasi. Juu yangu kuna Mkurugenzi, na juu ya Mkurugenzi kuna Mungu, ingawa vikaoni mpangilio huo husahaulika. Wenzangu huniita Mama Maombi. Tangu baba watoto alipotangulia sina wa kumlalamikia ila Mwenyezi, na Yeye hajawahi kuniambia nirudi kesho.

Nishati tamu ni umeme wa sukari. Msicheke. Mtafiti wetu, binti mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alituonyesha sote ukumbini. Lilikuwa beseni la kioo lenye maji ya sukari. Upande mmoja aliweka vitu vinavyoitwa vimeng'enya, vidogo hata jicho halivioni, kazi yao kuivunja sukari. Katikati alisimamisha utando laini kama mfuko wa mkate, ila huo, alisema, haufai kukauka hata kidogo.

"Sukari ikivunjwa," alieleza, "kuna chembe zinazopita kwenye utando, na kuna chembe ambazo utando unazikatalia. Zile zilizokataliwa hazina budi kuzunguka kwa nje, kupitia kwenye waya. Huko kuzunguka ndio umeme wenyewe."

Mkurugenzi akasimama. "Hebu rudia hapo."

"Zinakataliwa mlangoni, bosi, halafu zinazungushwa."

"Jamani!" Mkurugenzi alishika kichwa. "Sisi tumewazungusha wananchi miaka yote hii, na hatujapata hata wati moja!"

Tukapiga makofi. Afisa Itifaki akapiga ya ziada, maana ndiyo kazi aliyosomea.

Kisha taa ikawaka. Mbele za Mungu nasema, iliwaka. Ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, lakini iliwaka kwa sukari tupu, na Mtafiti akaifunika kwa viganja kama mtu anayelinda kifaranga.

"Kwa sasa uwezo wake ni huu tu," alisema. "Tukipata muda—"

"Muda upo," alisema Mkurugenzi. "Mgeni Rasmi anakuja wiki ijayo."

Afisa Itifaki aliinua mkono. Alitaka kujua tabia za hivi vimeng'enya kabla havijaonana na wakubwa. Mtafiti akamjibu kwamba kimeng'enya hufanya kazi ileile moja, hakisinzii, hakina udhuru, na kazi ikiisha kinabaki vilevile kilivyokuwa kabla ya kazi.

"Hapo pa kubaki vilevile," alisema Mkurugenzi, "tunafanana."

Nathibitisha. Mimi humwona akiingia asubuhi na humwona akitoka jioni, na kazi haijawahi kumpunguza chochote.

Sasa, nyuma ya Idara, ukuta kwa ukuta, ipo zahanati. Chumba chake cha kujifungulia zamani kilikuwa stoo yetu ya viti vibovu, kwa hiyo hakina dirisha. Hata jua likiwa la utosi, mle ndani bila taa huoni mkono wako mwenyewe. Mkurugenzi aliamua kwamba chumba hicho ndicho kitakuwa cha kwanza duniani kupata nishati tamu, na ili kisiingiwe na kishawishi cha kurudi nyuma, umeme wake wa kawaida ukakatwa mapema.

Mkunga alikuja ofisini na tochi bado iko mkononi. Huyo ni mama wa sauti. Akikusalimu barabarani, mtu wa ng'ambo anaitikia.

"Bosi, mmenizimia taa kabla hamjaniletea nyingine."

"Dada yangu, hicho kinaitwa kipindi cha mpito."

"Mtoto hajui kipindi cha mpito. Akitaka kutoka, anatoka."

"Basi watulie mpaka uzinduzi."

Mkunga akanigeukia mimi niliyekuwa nafuta meza. "Umesikia, Mama Maombi? Nikamwambie mkamwana wako abane?"

Maana mkamwana wangu, mke wa mwanangu wa pekee, alikuwa na tumbo limefika mwisho. Huyo aliyemo humo alikuwa mjukuu wangu wa kwanza, na alitazamiwa kuzaliwa mle mle, gizani, kwa Mkunga aliyeuma tochi kwa meno. Tayari alikuwa amemzalisha mwanamke mmoja hivyo, na kitovu alikikata kwa kupapasa. Nikamwomba Mungu, halafu nikamwomba Mkurugenzi. Mungu alinisikiliza. Mkurugenzi aliniambia nirudi baada ya uzinduzi.

Siku moja kabla ya sherehe ulifanyika ukaguzi. Mtafiti hakuwepo; kwa kuwa ndiye mwenye elimu kubwa kuliko sote, alitumwa mjini kutafuta utepe mwekundu. Afisa Itifaki akainama juu ya beseni, akainuka amekunja uso.

"Huu utando una mikunjo."

Mkurugenzi akachungulia. "Kweli una mikunjo."

"Mgeni Rasmi hawezi kuonyeshwa mikunjo."

Papo hapo ikaundwa Kamati ya Ukunjuaji. Ilikaa ikiwa imesimama, ikapitisha maazimio mawili: kwamba utando upigwe pasi, na kwamba maji ya beseni, ambayo yalikuwa na ukungu, yamwagwe na beseni lisuguliwe kwa maji ya moto na sabuni. Utekelezaji ukakabidhiwa kwangu.

"Lakini yule binti alisema usikauke," nilisema.

"Wewe ni Mkuu wa Usafi," aliuliza Afisa Itifaki, "au Mkuu wa Utando?"

Nikapiga pasi. Nilitandika kitambaa juu kama ninavyofanya kwa hariri, maana kazi ni kazi. Utando ulinywea, ukajikunja pembeni kama ngozi ya maziwa, ukatoa harufu ya ndala iliyoangukia jikoni. Kisha ukanyooka, mkavu, mgumu kama kola ya shati jipya. Afisa Itifaki akaupitishia kidole.

"Sasa huu," alisema, "ndio utando."

Mtafiti alirudi na utepe wake. Aliangalia beseni linalong'aa, akaangalia pasi, akakaa sakafuni.

"Mmevipika," alisema. "Vimeng'enya havistahimili moto. Vimekufa vyote."

Mkurugenzi alivua miwani kwa heshima. "Vimefia kazini. Vitatajwa kwenye hotuba."

"Na taa itawashwa na nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu hupewa ukurugenzi. Mtu wa kawaida angeahirisha sherehe. Yeye aliuliza, "Ule umeme tuliouondoa zahanati, waya wake uko wapi?" Waya ulikuwepo, umening'inia ukutani bila kazi. Fundi akauvuta ukapita dirishani, ukalala sakafuni, ukaibukia nyuma ya beseni, ukafungiwa balbu kubwa ya duara. Balbu ikawaka kama jua la Januari.

"Bosi, huu ni uongo," alisema Mtafiti.

"Huu ni umeme unaokaimu," alisema Mkurugenzi. "Mama Maombi, tandika zulia."

Nikatandika zulia juu ya waya, likabaki na tuta jembamba katikati.

Asubuhi ya uzinduzi uchungu ukamshika mkamwana wangu. Mwanangu alimleta kwa kumkokota, akampitisha mlango wa nyuma, mimi nikamwona kwa mbali tu nikiwa na sinia la glasi, maana Mgeni Rasmi naye alikuwa anafika kwa mlango wa mbele. Alikuwa mtu mpana, mwenye suti inayong'aa, na nyuma yake kamera zimepangana. Alipopita kwenye zulia akajikwaa kwenye tuta. Afisa Itifaki akapiga makofi, na sisi tukafuata.

Hotuba zikaanza. Mkurugenzi alieleza alivyoigundua sukari. Vimeng'enya vikatajwa, tukasimama kuvikumbuka. Nyuma ya ukuta mkamwana alilia, sauti ikapenya hadi ukumbini, na Afisa Itifaki akaongeza kipaza sauti.

Mara Mkunga akatokea kwenye mlango wa jikoni, mikono imelowa, akanivuta kwa kiwiko.

"Mama, mtoto amekaa vibaya. Anatanguliza makalio. Nataka kuona ninachoshika, na tochi ndiyo hiyo inakufa. Nitafutie mwanga, mama yangu. Sina kingine nachotaka."

Nikaitazama ile balbu. Ilikuwa inamulika chombo cha maua ya plastiki.

Nilitamani kuichomoa kwa mkono wangu. Lakini ningeichomoa, wangenitoa nje, wangeirudisha, na hotuba ingeendelea. Wakati huo Mkurugenzi alikuwa anamaliza, na Afisa Itifaki ananikimbilia.

"Mama Maombi! Aliyepangwa kufunga kwa sala hajafika. Njoo utuombee. Fupi."

Nikaweka sinia chini. Nikasimama mbele ya kipaza sauti, kanga yangu ya kazi kiunoni.

"Tufumbe macho," nilisema, na shingo zote za wakubwa zikainama.

"Ee Mungu mwenyezi, tunakushukuru kwa mashine hii isiyozimika. Umempa mtumishi wako Mkurugenzi imani juu yake kuliko sisi sote. Tunakusihi usimnyime kuishi nayo. Ofisi yake ya juu, yenye kiyoyozi, friji na lifti, iondolewe leo kwenye ule umeme wa kizamani, ianze kutumia nishati tamu peke yake, kwa kuwa aliyetangulia kuamini ndiye anayestahili kutangulia kufaidi. Na ule waya mkuukuu wa zahanati, Bwana, usiomfaa mkubwa yeyote, warudishiwe wale kina mama wa nyuma ya ukuta, sasa hivi, wajikongoje nao hivyo hivyo. Na ukumbuke moyo wa Mgeni wetu, mwepesi wa kusikia. Wote waseme amina."

Ukumbi mzima ukasema amina. Mkurugenzi naye alisema, kwa mazoea, kabla akili haijamfikia.

Mgeni Rasmi alifumbua macho, akatafuta kamera.

"Mungu amesikia," alisema, "na mimi nimesikia. Itekelezwe kabla sijakata utepe!"

"Mheshimiwa," Mkurugenzi alisimama haraka, "pengine tungeunda kwanza kamati ndogo—"

"Ya nini? Kwani mashine haifanyi kazi?"

Kutoka nyuma ya ukuta mkamwana wangu alilia tena, na safari hii hapakuwa na hotuba ya kumfunika.

"Inafanya kazi, Mheshimiwa."

"Kwako haifai?"

"Inafaa sana, Mheshimiwa."

"Basi acha unyenyekevu, kubali kufaidi. Fundi!"

Fundi hakusubiri kuambiwa tena. Alikunja zulia, akachomoa waya, akautoa mbio kwa dirisha lilelile ulikoingilia. Balbu ikafa.

"Mbona imezimika?" aliuliza Mgeni Rasmi.

Mtafiti, ambaye siku nzima hakuwa amefungua kinywa, alisimama. "Inahamia kwa Mkurugenzi, Mheshimiwa."

Makofi yalipigwa mpaka vioo vikatetemeka. Mimi sikuyangoja. Nilikuwa nimeshafika mlango wa zahanati wakati chumba kile cha viti vibovu kilipowaka kote, hadi pembeni, na Mkunga akatema tochi sakafuni akasema, "Haya! Sasa nakuona, mjeuri we."

Alitoka msichana. Alitanguliza makalio kama alivyoahidi, akatulia kidogo mpaka nikakosa pumzi, halafu akatufokea wote. Uso wake ulikuwa mikunjo mitupu, na hakuna aliyetaka kumpiga pasi.

Tangu hapo mambo ya Idara yanakwenda vizuri kabisa. Beseni limekaa juu ya meza ya Mkurugenzi, utando umenyooka, hauna hata kikunyanzi. Lifti imepumzishwa, naye hupanda ngazi kwa ajili ya taifa. Kila asubuhi huweka vijiko vya sukari ndani ya beseni, akakoroga, akaitazama balbu. Chai yake sasa anaitaka bila sukari. Mtafiti amehamia chumba kidogo karibu na zahanati kwa hiari yake, anatengeneza utando mwingine, na kwenye mlango ameandika kwa chaki: PASI MARUFUKU.

Juzi Mgeni Rasmi alirudi kusikiliza taarifa ya mafanikio. Mkurugenzi aliniita.

"Mama Maombi, hili koti limejikunja. Lipige pasi upesi."

"Pasi ni ya umeme, bosi."

"Ichomeke!"

Nikaichomeka kwenye beseni. Tukasubiri wote wawili, mimi kwa heshima zote. Baadaye akanituma nikalipigie koti zahanati, kwa kuwa ukumbini alishakaa Mgeni Rasmi, na kule umeme upo. Nikaenda, nikarudi na jibu la Mkunga: mle ndani kuna kina mama, na koti litulie, liko kwenye kipindi cha mpito.

Akashuka ngazi hivyo hivyo. Mlangoni pa ukumbi alisimama Afisa Itifaki, yuleyule aliyefundishwa kazi naye, akalitazama koti lake kuanzia kola hadi pindo.

"Samahani, bosi. Mgeni Rasmi hawezi kuonyeshwa mikunjo. Zunguka kwa nyuma."

Mkurugenzi akazunguka. Tulimwona kupitia dirisha akipita uwanjani, akipita jikoni, akipita kwenye kamba za nepi za zahanati.

Mtafiti alikuwa amesimama karibu yangu, mjukuu wangu begani kwake. Nikamuuliza, kwa kuwa yeye ndiye mtaalamu, kama kwa mtu kukataliwa mlangoni na kuzungushwa namna ile kuna umeme wowote uliopatikana.

Alisafisha miwani yake, akamfuata Mkurugenzi kwa macho mpaka mwisho wa ukuta.

"Hata wati moja, Mama."