Dawa ya Magunzi

Aniceti alipoiona foleni ya mafuta ya taa mbele ya duka la ushirika, madebe matupu yamepangwa mstari na wenyewe wamekwenda zao nyumbani, alijua riziki yake imetangulia kufika Babati. Ulikuwa mwaka ule wa msako wa walanguzi. Sabuni ilikuwa habari ya kusimuliwa, sukari ya kuota, na mafuta ya taa yalitajwa kwa sauti ya chini kama jina la marehemu.

Jioni akaenda Bonga, akamkabidhi dereva wa lori baiskeli yake, akapewa debe moja la mafuta hayo. Baiskeli ile ndiyo kitu pekee alichoachiwa na baba yake, na Aniceti, mtu aliyewahi kumuuzia katekista saa isiyo na mashine ndani, aliiaga kwa machozi ya kweli. Wakakubaliana akirudi na fedha kabla lori halijaondoka kwenda Arusha kesho jioni, baiskeli ni yake. Asiporudi, basi tena.

Kuyauza mafuta yenyewe ilikuwa kujipeleka jela. Lakini kuuza elimu, nani amewahi kufungwa kwa kosa hilo? Aniceti akaloweka gunia zima la magunzi katika mafuta yale. Akatwanga majani ya mkaratusi ili kuua harufu, akayachanganya na majivu ya jikoni, akafunga vipakiti vya gazeti. Akatoboa kopo la rangi kwa msumari, akalikata mdomo chini wa kuingizia gunzi, na taifa likawa limepata jiko.

Asubuhi akaazima kivuli cha mgahawa wa Mama Paskasi, kando ya barabara kuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinizibie wateja."

Watu wakajaa. Benchini alikuwapo Fabiani, mgambo, aliyetoka nyumbani kuwasaka walanguzi na kuishia kwenye uji.

"Ndugu wananchi," Aniceti akaanza, "gunzi mnalowatupia ng'ombe lina mafuta ndani yake. Yamelala tu. Dawa hii inayaamsha."

Akatoa gunzi kwenye gunia lake, akalinyunyizia dawa kwa heshima kama padri anayebariki matawi, akawasha. Moto ukasimama. Chai ikachemka kabla hotuba haijafika katikati. Watu wakaguna, mikono ikaanza kupapasa mifuko.

"Kijana," Mama Paskasi akasema, "chai si kupika. Hapa kwetu mtu akisema amepika, amepika makande. Niivishie sufuria moja ya makande, nami nanunua dawa yako yote."

Yote! Aniceti akaiona baiskeli inarudi mikononi, kengele na kila kitu. Alikuwa amekula makande maisha yake yote bila kuyapika hata siku moja, na alidhani yanaiva upesi kama yanavyoliwa.

"Leta sufuria, mama."

Ikaletwa, mahindi na maharage mpaka juu. Aniceti akachochea. Jua likapanda, akachochea. Gunia likaanza kunywea, na alipoonja punje ya kwanza nusura imvunje jino.

"Mama, huoni jiko limejieleza vya kutosha?"

"Limejieleza kwa chai. Makande bado hayajaelewa." Kisha, kwa upole mkubwa: "Kama magunzi yako yanapungua, mimi ninayo tele nyuma ya nyumba. Si unanyunyizia dawa tu?"

Aniceti akalivuta gunia lake karibu. "Dawa... haipendi kuchanganya magunzi."

"Haya. Endelea na yako."

Kukimbia hakuwezekani, Fabiani amekaa njiani na ameanza kuuliza makande yataiva lini. Kusema ukweli ndio kabisa, maana ukweli wenyewe ulinuka ulanguzi. Akaendelea kuulisha moto baiskeli ya baba yake, gunzi kwa gunzi, huku akiwatabasamia wananchi. Jua lilipoanza kuinama, gunia likawa tupu, na makande, kwa kisirani chake, yakaiva wakati huohuo.

Yakapakuliwa. Wateja wa mabasi wakalipa, wakala, wakasifu. Fabiani akaongezewa. Aniceti akadai fedha za dawa yake yote, na Mama Paskasi akamwinamia kama anayempa chumvi.

"Miezi yote hii hatujanusa mafuta ya taa. Ulidhani pua zetu zimesahau? Wewe uliloweka magunzi, mimi sikuloweka mahindi." Akatupa jicho kwa mgambo. "Nimwite Fabiani umweleze ulikoyapata?"

"Hapana, mama."

"Basi sugua sufuria, imejaa masizi. Sabuni hakuna, lakini wewe una dawa."

Aniceti akachuchumaa, akafungua kipakiti, akasugua. Alisugua kwa hasira, kisha kwa aibu, kisha kwa sababu hakuwa na kazi nyingine duniani. Lori likapita kuelekea Arusha. Juu ya magunia ilifungwa baiskeli, gurudumu la mbele likizunguka polepole kwa upepo. Dereva alimwona, akapiga honi kwa urafiki. Roho ilimuuma Aniceti, na safari hii hakuwa na wa kumdanganya kwamba haimuumi.

Aliposuuza, sufuria iling'aa mpaka Ursula, mke wa karani mmoja mgeni, aliyekuwa akipita na kikapu, akasimama. Kwake walipikia jiko la mafuta ya mgao wa ofisi tangu waoane, na majivu aliyaona Jumatano ya Majivu tu, kwenye paji la uso. Akainusa sufuria, ikanukia mkaratusi.

"Jamani, dawa hii ya sufuria anauza nani?"

Aniceti akafungua mdomo. Fabiani akainua uso kutoka kwenye sahani. Aniceti akaufunga.

"Mimi," akasema Mama Paskasi, akavuta mfuko wa vipakiti karibu na miguu yake. "Unataka vingapi?"