Kura Moja ya Baiskeli Nne

Jumatatu, 22 Novemba 2021

Mvua. Magoti yanauma. Mchana kutwa nimebeba vifusi vya jiko la mtu huko Glebe, jioni nikapanda baiskeli kupeleka chakula. Watu wa Sydney wametoka lokidauni lakini matumbo yao bado yamo ndani. Hakuna anayepika.

Katikati ya oda huwa tunasubiri kwenye ukuta, nyuma ya duka la kuku wa kukaanga. Wenzangu ni watatu. Mwangi wa Nyeri, mwanafunzi, mdomo wake una mbio kuliko miguu. Erasmus wa Bukoba, anasomea uhasibu, mpole mno. Verdiane, Mrundi, anatuacha sote kwenye mlima na hatuambii pole. Nimekaa nao ukuta mmoja tangu baridi iingie. Wananisalimia, "Shikamoo Mzee," halafu wanarudi kwenye simu zao. Nafasi yangu ni ya mwisho, karibu na mapipa ya taka.

Leo wamebishana juu ya uchaguzi wa meya. Nani ataweka njia ya baiskeli kwenye ile kona ambapo basi lilimwangusha Prince? Prince alikuwa wa ukuta huu huu. Sasa yuko kwao Lubumbashi na mguu wenye vyuma. Wamebishana mpaka Erasmus akauliza nani kati yetu ana kura. Wakatazamana. Wote wana viza za masomo.

Nikasema taratibu kwamba mimi ni raia tangu mwaka juzi. Niliapa, wakanipa mti mdogo ndani ya kopo. Ulikufa.

Mungu wangu! Wote waligeuka. Mwangi alishusha barakoa ili anione vizuri. Verdiane alinikatia nusu ya sambusa yake. Nusu yenye nyama!

Nilifungua mdomo niwaambie kwamba nitamchagua mtu wa njia za baiskeli, jambo liishe. Nikaufunga. Nikasema bado sijaamua.

Jumanne, 23 Novemba

Nina mpango.

Kwetu Bukavu, mtu akitaka kura yako anakuja mpaka mlangoni. Analeta kitenge, chumvi, bia. Anauliza mama anaendeleaje. Akishashinda humwoni tena, lakini angalau alikuja. Hapa wanakuwekea karatasi kwenye sanduku la barua na kukimbia. Tangu nipate uraia hakuna aliyeniuliza mama anaendeleaje.

Basi, wagombea wasiponibembeleza, baiskeli zitanibembeleza. Mpaka Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya kura, siamui kitu. Mtu aliyekwisha amua hana anayemhitaji.

Imefanya kazi siku hiyo hiyo! Kila mmoja amekuja na njia yake ya kuchagua meya. Mwangi anasema tuwapandishe wagombea wote kilima cha William Street kwa baiskeli, wakiwa na pizza mgongoni. Atakayeshuka na kusukuma, huyo hafai. Verdiane anasema swali ni moja tu: mwendesha baiskeli ajisaidie wapi? Wakati wa lokidauni mikahawa ilichukua mikono yetu na kutufungia vyoo. Atakayecheka akisikia swali hilo asipewe hata mbwa wa kumtunza. Erasmus amesoma ahadi za wagombea wote, hata za yule anayetaka kuondoa njia za baiskeli apate mahali pa kuegesha gari lake.

Nikasikiliza nikitikisa kichwa kama hakimu. Nikasema ni hoja nzito. Lazima nizifikirie.

Alhamisi, 25 Novemba

Maharage ya mawese kutoka kwa Verdiane. Erasmus amejaza upepo magurudumu yangu bila kuombwa. Mwangi ananiita Mheshimiwa. Ananicheka, najua, lakini ananiita.

Ila huyu Mwangi ana pua. Ameuliza mbele ya wote kwa nini najivuta namna hii, au kuna tumbo limeshanunuliwa mahali? Nikamwambia kura ni kama ugali, ukiacha kusonga mapema unakula mabonge. Akasema, "Buda, ugali wako utaungua." Wakacheka wote. Nikacheka pia. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka na watu wanaocheka.

Nyumbani chumba ni kilekile. Kitanda, birika, ukuta wa jirani anayekohoa.

Jumamosi, 27 Novemba

Balaa.

Tumekwenda sote sokoni kumtazama mgombea mmoja. Alikuja kwa baiskeli, nguo za kubana kama ngozi ya pili, jasho la kweli. Mwangi akakagua mnyororo wake akasema una mafuta, huyu anaendesha. Verdiane akamuuliza habari ya choo. Hakucheka. Alifikiri, akasema ni aibu ya mji. Ameshinda! Wenzangu wakakimbilia meza ya vibandiko vya kung'aa usiku, vya bure. Nikabaki naye.

Akaniuliza jina. Nikalitamka, akajaribu kulirudia mara mbili. Moyo wangu ukalainika kama siagi. Akauliza naishi wapi, nikasema Redfern, chumba cha nyuma. Akauliza kama nilijiandikisha kwa anwani hiyo.

La hasha. Nilijiandikisha Blacktown, halmashauri nyingine kabisa, kwa shemeji Kasoki, mjane wa kaka yangu. Nilikuwa nalala kwao wakati ule. Sijabadilisha.

Akanieleza kwa upole, kama daktari. Basi kura yangu iko Blacktown, na muda wa kuihamisha umeshapita. Ya meya wa jiji hainihusu. Tena kule Blacktown raia wanachagua madiwani tu, halafu madiwani ndio wanachagua meya. Yaani kura yangu meya haimwoni hata mgongo!

Verdiane akarudi na kibandiko, akanibandikia kwenye helmeti. Akauliza mbona nimenyauka. Nikasema jua.

Jumapili, 28 Novemba

Nimempigia shemeji Kasoki. Hatujaonana tangu kabla ya lokidauni. Helikopta za polisi zilipokuwa zinazunguka Blacktown kulinda lokidauni sikuweza kwenda. Zikaondoka, sikwenda pia.

Hakunilaumu. Hiyo ndiyo mbaya. Akasema kura inapigwa pale shule ya mtoto, nipande treni Jumamosi, atapika sombe, kisamvu cha kwetu, na samaki. Aline, binti wa kaka yangu, akamnyang'anya simu akaongea Kiingereza mbio mbio. Nilishika neno "uncle" na neno "bike", yaani baiskeli. Mama yake akamwambia aseme Kiswahili. Akasema "baba mdogo, njoo", halafu akarudi kwenye Kiingereza chake.

Nikasema nitaona. Nina mambo muhimu na watu muhimu.

Halafu nikaamua kuwaambia wenzangu ukweli. Kweli kabisa! Njia nzima nimefanya mazoezi ya maneno ndani ya barakoa. Nimefika ukutani, nikakuta Erasmus amesogea upande wa mapipa. Ameacha nafasi katikati. Akaipigapiga kwa kiganja, kama mtu anayemkaribisha mgeni kwenye mkeka.

Nimekaa. Sijasema kitu.

Jumatano, 1 Desemba

Mwangi amesema ukiendelea kusonga ugali huu tutakufa njaa. Ikabidi niamue. Nikasimama, nikashika helmeti kifuani, nikatangaza: yule wa baiskeli, wa mnyororo wenye mafuta na choo.

Kelele! Wakapiga kengele zote. Mwenye duka akatoka kuangalia kama kuna ajali. Erasmus akampigia Prince kwa video, nisiweze hata kuzuia. Prince akaonyesha mguu wake na mshono kama njia ya reli. Akasema, "Kaka Mirindi, ile kona yangu umeishika. Mungu akupe maisha." Macho yake yalikuwa na maji. Yangu pia, kwa sababu nyingine.

Halafu mabaya zaidi. Verdiane amesema Jumamosi tukishapiga kura (amesema "tuki"!) sote tutakwenda kwake kula pilau. Nyumbani kwake. Tangu nihamie mjini sijaalikwa ndani ya nyumba ya mtu, isipokuwa kuibomoa.

Na Mwangi amesema watanisindikiza mpaka mlango wa kituo cha kura.

Ijumaa, 3 Desemba

Nimepata njia. Kura ni siri. Naingia, nazunguka ndani kidogo, natoka na kalamu mkononi, nainua mkono. Nani atajua? Tunakula pilau, halafu nasema naumwa kichwa, nakimbilia treni ya Blacktown kabla ya saa kumi na mbili jioni, vituo vya kura vinapofungwa. Nampigia kura diwani yeyote, maana hapa asiyepiga kura anatozwa faini. Nakula sombe. Sahani mbili, siku moja, na hakuna aliyeumia!

Wakati mwingine najishangaa mwenyewe. Na niliishia darasa la sita.

Jumamosi, 4 Desemba

Tumekwenda kwa msafara. Mimi mbele, wao nyuma, kengele njia nzima. Mtu mmoja kwenye kituo cha basi akatupigia makofi, akidhani ni harusi. Mwangi akanipiga picha mlangoni, akasema nisimame kama rais.

Nikaingia. Nikaskani kwa simu ile alama ya korona ya mlangoni, nikapaka dawa mikononi. Nilitaka kuzunguka tu, lakini humo ndani hakuna pa kuzunguka. Kuna kamba. Kamba ikanipeleka moja kwa moja kwa mama mmoja mzee nyuma ya kioo. Akauliza jina. Nikalisema chini chini. Hakuliona kwenye orodha. Akauliza anwani, nikasema Redfern. Hakuniona. Akauliza kama niliwahi kuishi pengine, na mimi, mjinga, nikajibu.

Wazee wakarimu ndio wanaomaliza watu. Ningemwacha pale, lakini alinihurumia. Akaondoka kwenye meza yake, akanishika kiwiko, akanitoa mpaka nje, mbele ya baiskeli zote. Akaninyooshea kidole upande wa stesheni. Akapaza sauti kwa sababu ya barakoa: Blacktown! Hapa huwezi! Panda treni, utawahi, usitozwe faini! Akawapungia mkono wenzangu, akarudi ndani akiwa amefurahi.

Kengele zikanyamaza.

Mwangi alicheka mpaka akaketi chini. Erasmus akauliza, kwa sauti yake ile ndogo, nani atamwambia Prince. Verdiane hakucheka. Aliuliza nimejua lini. Nikasema leo, sasa hivi, nimeshtuka kama wao. Akaangalia kibandiko kwenye helmeti yangu. Akasema siku ile sokoni hapakuwa na jua, palikuwa na mawingu. Akapanda baiskeli yake.

Hakusema pilau hakuna. Hakusema ipo. Nikapanda treni.

Mbele ya shule huko Blacktown walikuwa wanachoma soseji, na wapiga kura wanazinunua kwa pesa zao wenyewe. Nimechagua madiwani nisiowajua hata mmoja. Shemeji Kasoki alikuwa getini, sombe kwenye bakuli lililofunikwa kitambaa, asije akanikosa. Hakuuliza kwa nini macho yangu mekundu. Aline ananifika begani sasa. Nilimwacha kwenye kiwiko. Akauliza nimempigia kura nani. Nikamwambia ni siri kubwa. Shemeji akasema niwe nakuja kila Jumapili, sahani yangu ipo. Nikasema nitaona.

Jumatatu, 6 Desemba

Mvua tena. Magoti.

Nimewakuta wote ukutani. Erasmus amerudi katikati. "Shikamoo Mzee," kisha simu. Nimekwenda pembeni, kwa mapipa. Yananuka kuliko nilivyokumbuka. Mwangi akauliza kama njia ya kwenda Blacktown ina kona. Nimestahili.

Nimempigia Prince mwenyewe, peke yangu, nikamwambia. Halafu akasema hata yeye alimwambia mama yake kwamba mguu unapona.

Tumekaa muda mrefu bila oda. Verdiane akafungua sambusa yake, akaikata. Akaninyooshea nusu bila kuniangalia. Nusu isiyo na nyama, unga mtupu na kitunguu. Lakini nusu.

Jumapili, 12 Desemba

Asubuhi simu ya shemeji Kasoki. Samaki wameshaiva, Aline yuko dirishani. Nilikuwa nimeshavaa viatu, kweli. Nikapita ukutani mara moja tu, kusalimia.

Erasmus alikuwa anasoma habari. Akasema mwakani kuna uchaguzi mwingine, mkubwa, wa bunge la nchi nzima. Mambo ya viza yatakuwemo. Viza za wanafunzi! Mwangi akaacha simu yake. Akauliza, bila kunitazama sana, kama kura ya Blacktown kwenye huo uchaguzi inahesabika. Erasmus akasema inahesabika kabisa.

Wote watatu wakageuka.

Shemeji amepiga tena. Nimemwandikia kwamba nimebanwa, nina watu.

Erasmus akasogea kidogo. Nikakaa. Mwangi akauliza, haya Mheshimiwa, safari hii unampa nani?

Nikafuta midomo kwanza. Nikasema bado sijaamua.