Mrudisheni Kazini Mume Wangu Anayetabasamu

Ndugu Mkurugenzi wa Matangazo,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na umeshapata chai. Sisi huku hatujambo, ila chai hiyohiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mke wa Bwana Chai. Jina lake la kuzaliwa mnalo ofisini. Huku mtaani limeshasahaulika, kwa sababu tangu mtoto wetu wa kwanza akiwa wa kubebwa mgongoni, ni yeye aliyekuwa kwenye mabango yenu, kikombe mkononi, mvuke unampanda usoni, kana kwamba duniani hakuna mvua wala mama mkwe. Mlimlaza pia kwenye magodoro, akalala macho wazi huku anacheka. Mlimvika koti jeupe akauza dawa ya kikohozi, na hadi leo kuna majirani wanaomfuata awasikilize vifua. Mlimpa jembe akasifia mbolea, mtu ambaye hata ua la kwenye kopo lilimfia mkononi. Sikulalamika. Kazi ni kazi.

Kisha mkamwita, mkamweleza, kwa heshima nakiri, kwamba siku hizi mna mashine. Mtu anaketi, anaiandikia kwamba anataka baba mwenye furaha anakunywa chai na familia yake asubuhi, na kabla hajamaliza kupiga chafya picha imeshatoka. Haidai nauli, haichelewi, haitoki jasho chini ya taa. Mkampa mkono na pakiti za majani ya chai, akarudi nyumbani. Hapo ndipo yangu yalipoanza, na nayaweka kwa namba msije mkasema nimelalamika ovyo.

1. Mume wangu hajui kuishi bila kupigwa picha. Akinywa chai anageuza kikombe mpaka upande wenye maua utazame dirishani, anafumba macho, anavuta pumzi, anasubiri. Anamsubiri nani? Chai inapoa, namwongezea, anaanza upya. Akifungua friji anasimama palepale mlango ukiwa wazi, uso umemwangaza kama aliyemwona ndugu aliyepotea, na barafu inayeyuka mpaka inamlowesha miguu. Mimi ni fundi cherehani na kazi yangu iko sebuleni. Nikiinua kichwa kutoka kwenye pindo namkuta ameegemea ukuta, ananionyesha meno. Mteja mmoja aliniuliza kama na huyu anauzwa.

2. Hatuwezi kugombana. Ndoa bila ugomvi, ndugu Mkurugenzi, ni nguo iliyoshikizwa kwa pini: inapendeza mpaka mtu ainue mkono. Nilimkabili kuhusu bomba la jikoni linalovuja tangu mvua za kwanza. Nilipofika kwenye lile neno nililokuwa nimelitunza wiki nzima, akageuza shavu la kushoto, lile mnalolipenda, akanipa lile tabasamu alilouzia mikopo ya benki. Nusura nikope.

3. Jambo hili limefika hadi msibani. Jirani yetu muuza mkaa alifiwa na kaka yake. Tulikwenda, tukaketi na wafiwa, na mume wangu alikuwa na huzuni ya kweli, maana yeye na marehemu walikuwa wakicheza karata pamoja. Mpwa wa marehemu akainua simu kupiga picha ya waombolezaji. Nilijua kitakachotokea, nikaunyoosha mkono nimfinye goti, nikachelewa. Sasa picha hiyo imezunguka ukoo mzima: watu wote wameinamisha vichwa, na katikati yao yupo mmoja amefurahi kana kwamba marehemu ni bidhaa mpya. Nilikwenda kuomba radhi peke yangu. Muuza mkaa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, usijali. Kaka mwenyewe angecheka." Lakini tangu siku hiyo mkaa ninaopimiwa ni ule wa chini ya gunia.

4. Hili la nne sikutaka kuliandika. Mlipobandika bango jipya pale njia panda ya sokoni, mume wangu alivaa shati la pasi akaenda kumwona mrithi wake. Nami nikamfuata kwa mbali, najidai natafuta vifungo.

Bango ni kubwa na rangi zinang'aa. Ni kweli kwamba chai inatoka kikombeni na kupanda kwenye birika, na kwamba mezani kuna vichwa vya watoto watatu huku chini ya meza kuna jozi nne za miguu ya kitoto, na huyo wa nne sitauliza ni wa nani. Hayo ni yenu. Ila ule uso, ndugu Mkurugenzi, ni wa mume wangu. Kishimo cha shavuni ni chake. Ile nyusi inayopanda kabla ya mwenzake ni yake. Mashine imezitazama picha zake zote za zamani, ikamchukua alivyo, kisha ikamwongezea nywele.

Alisimama chini yake muda mrefu, kofia mkononi. Nyuma yake alikuwepo mama muuza karanga, ambaye tangu bango lije amepata wateja wanaopenda kutafuna wakitazama juu. Akamwambia, bila ubaya wowote, "Mzee, sogea kidogo, unatuzibia Bwana Chai."

Akasogea.

Siku hiyo alikunywa chai kama watu wengine, kikombe kimegeukia popote. Alifungua friji, akatoa alichotaka, akafunga. Nikamchokoza kuhusu bomba, makusudi, tena kwa lile neno nililolitunza. Akasema, "Nitalitengeneza," na uso wake ulikuwa uso tu. Ndicho hasa nilichokuwa nikikiomba tangu namba moja. Nikaingia chumbani, nikakaa kitandani, nikashindwa hata kuvua viatu.

5. Kwa hiyo nadai haki, na haki yenyewe nimeifikiria kwa makini. Mashine imechukua sura ya mtu, na sura ya mtu haiji peke yake. Ina wakwe, ina shangazi, ina bomba. Basi Jumamosi mashine impeleke mama yangu kliniki, imshike mkono kwenye ngazi, na njiani imsikilize akieleza magoti yake, la kulia kwanza. Iketi kwenye kikao cha shangazi zake mume wangu tangu asubuhi bila kusinzia. Na huyo mke wa kwenye bango, mwenye shingo ndefu na mikono isiyojua sabuni, aje achukue zamu ya kufua mashati. Wale wake zake wa mabango ya zamani angalau jioni walivua pete wakairudisha stoo, na mmoja wao alikuwa mteja wangu wa magauni, mtu wa watu. Huyu haondoki. Mvua inamnyeshea, yuko mezani na mume wangu.

Kama hayo hayawezekani, mrudisheni kazini, hata kwa bidhaa isiyohitaji meno: kufuli, dawa ya kichwa, bima ya mazishi, maana misibani ana uzoefu. Nilidhani nataka mume wa kawaida. Nimempata, na sijui nimfanye nini.

Naomba jibu kabla bango halijapauka. Nisalimie mpiga picha, na yule mama wa poda aliyempaka uso miaka yote bila kumwingizia machoni, na mlinzi wa getini, na wote wanaokula hapo ofisini. Hata mashine isalimieni, kama inajua kuitikia.

Ni mimi, kwa masikitiko yenye adabu,

Mke wa Bwana Chai (yule wa nyama na mifupa)
Fundi cherehani

Nyongeza baada ya kutia sahihi: Barua hii ilikaa kwenye droo ikisubiri bahasha, na katikati hapo mambo yamegeuka. Nilikuwa na koti la mteja mwenye mabega kama ya mume wangu, nikamvalisha mume wangu nione linavyokaa, nikamsimamisha mlangoni kwenye mwanga. Mpita njia akauliza nani kashona. Kesho yake wakauliza wengine. Sasa anasimama pale kila siku, anavaa ninachomaliza, na akicheka anacheka kwa sababu mtu kasema kitu cha kuchekesha.

Leo dereva wenu amekuja. Anasema wenye chai wamelikataa lile bango, wanamtaka mtu mwenyewe, na akauliza kama Bwana Chai yupo. Mimi nilikuwa na pini mdomoni. Mume wangu ndiye aliyemjibu: "Yupo pale njia panda. Mimi hapa niko kazini."

Kwa hiyo ombi langu naliondoa lote, na mkimfuata tena nitaandika barua nyingine, ya kweli. Hii naituma kwa sababu mwandiko umetoka vizuri. Dereva wenu amepimwa suruali. Iko tayari Ijumaa.