Afisa Aliyetunyang'anya Ajali Zetu

Ukumbi wa Mashine,
Kiwanda cha Vyombo cha Sadhukhan na Wanawe,
Howrah.

Kwa Bwana Bimalendu Sadhukhan, mwenye kiwanda,

YAH: OMBI LA KUTOMWONGEZEA MKATABA AFISA USALAMA, BI SHARMISHTHA MAITI

Natanguliza heshima zangu, nikiamini barua hii itakukuta umeshakunywa chai, kwani kabla ya chai husomi kitu. Ulitutaka sisi mafundi wa zamani tukuandikie maoni kabla ya Ijumaa, siku utakayoamua kama Bi Sharmishtha abaki au aende. Mimi, Haradhan Karmakar, fundi mkuu wa ukumbi kwa miaka ishirini na sita, naomba aende. Sababu zangu ni hizi.

1. Maji matakatifu. Kila asubuhi, tangu enzi za marehemu baba yako, nimekuwa nikiinyunyizia swichi kubwa ya umeme maji ya mto Ganga ili siku ianze kwa baraka. Ni kweli swichi ilikuwa ikitoa cheche, na ni kweli mara mbili ilinirusha hadi kwenye maboksi ya bakuli. Sisi tulichukulia kwamba baraka imepokelewa. Bi Sharmishtha alininyang'anya chupa mbele za watu akasema, "Mjomba, hivi Vishwakarma anataka maji au anataka maiti?" Vishwakarma ni mungu wetu sisi mafundi, Bwana, na kwa miaka yote hiyo hajawahi kulalamika. Siku hizi chupa inakaa kwenye rafu ya mbali, nami nainyunyizia rafu. Sijui rafu ina kazi gani hata ibarikiwe.

2. Maua. Mwezi uliopita, siku ya Vishwakarma, tuliziosha mashine, tukazipumzisha na kuzivisha mashada ya maua, kama ilivyo desturi. Desturi nyingine ni kwamba kesho yake tunaziwasha zikiwa bado zimevaa. Maua huruka ukumbi mzima, inapendeza sana. Mwaka huu Bi Sharmishtha alitangulia asubuhi na mkasi, akakata mashada yote kabla hatujawasha hata mashine moja. Alipomaliza mashine akamgeukia Gokul wa kwenye mkanda unaozunguka, akamtaka avue gamcha, kile kitambaa anachoning'iniza shingoni kufutia jasho.

Gokul akamwambia, "Dada, hii nimepewa na mama mkwe wangu."

"Basi kamuulize vizuri alikuwa na nia gani," akajibiwa.

Ndoa ya Gokul haijatulia tangu siku hiyo.

3. Vifungo viwili. Kama unavyojua, mashine ya kugonga bati haishuki mpaka fundi abonyeze vifungo viwili kwa mikono miwili. Waliotengeneza mashine hiyo hawakufikiria kwamba fundi naye ana kiu. Nemai wa mashine namba tatu alikilaza kifungo kimoja kwa kipande cha tofali, akawa anabonyeza kingine, na mkono wa pili umeshika chai. Miaka kumi na moja hakumwaga hata tone. Bi Sharmishtha amelitupa tofali, na Nemai sasa anakunywa chai wakati wa mapumziko, kama mgeni.

4. Mlango wa dharura ulikuwa umezibwa vizuri na meza yetu ya kuchezea keram. Ameiondoa. Sasa mlango uko wazi, upepo unaingia na kuzima vijiti vya udi tulivyozoea kuvichomeka juu ya pipa la thina, ile ya kuyeyushia rangi, kwa kuwa ndilo pekee lenye kimo cha kufaa. Tulipomweleza hivyo, aliketi chini akashika kichwa kwa muda mrefu. Mtu mwenye afya dhaifu namna hiyo hafai kazi ya kiwandani.

5. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Katika ukumbi wetu cheo hakiandikwi, kinaonekana mkononi. Nemai ana vidole saba na nusu, ndiyo maana anakaa karibu na birika. Mimi nina tisa, nafuata. Changu cha kumi kilibaki kwenye mashine namba nne, mwaka ule wa mafuriko, na tangu hapo hakuna aliyewahi kunibishia jambo lolote. Sasa mwaka mzima tangu aje afisa hatujapoteza hata ukucha. Vijana wote wana vidole kumi kumi na wananiita kwa jina. Yule daktari wa kona aliyekuwa akitushona amebaki anauza sabuni. Nakuuliza kwa unyenyekevu, Bwana: baada ya miaka kumi, nani atajua fundi ni yupi na mpita njia ni yupi?

6. Nisionekane mtu wa kulalamika tu, nina pendekezo. Kama ni lazima Bi Sharmishtha abaki, basi aturuhusu ajali moja ndogo kila mwezi, kwa utaratibu, tuanze na wenye vidole vingi. Naambatanisha ratiba ya zamu niliyoichora mwenyewe kwa rula. Sikukuu nimeziruka.

Naamini utaliona jambo hili kwa jicho la baba yako, ambalo, kama unakumbuka, nalo lilikuwa moja, kwa kuwa miwani ya kinga hakuipenda.

Nisalimie mama nyumbani, wakwe zako wa Burdwan, karani, mlinzi wa getini, na yule paka wa ghalani ambaye pia amevalishwa kengele kwa amri ya afisa.

Ni mimi mtumishi wako mtiifu,
Haradhan Karmakar

N.B. Barua hii nilikuwa nimeshaikunja nikapita ubaoni, nikakuta karani amebandika majina ya wafanyakazi wapya. Mashine namba nne, kuanzia Jumatatu: Sulekha Karmakar. Ni binti yangu. Aliomba kimyakimya baada ya kumaliza chuo cha ufundi, akijua ningemkatalia. Nimempigia simu kumgombeza, akanicheka: "Baba, si wewe unayesema ile mashine imeshakuwa kama ndugu yako?"

Bwana, nina hofu, na sioni haya kuiandika. Bi Sharmishtha mwongezee mkataba, hata wa miaka kumi. Jumatatu naomba asimame penye namba nne tangu kengele ya kwanza, na matofali yote yaliyomo ukumbini nitayatoa nje mwenyewe. Ile ratiba ya zamu ichome moto, ila si karibu na thina. Siku aliyozaliwa Sulekha nilivihesabu vidole vyake kwa vyangu, kimoja kwa kimoja, na siku hiyo vyangu vilitosha.