Kondoa Waombe Tu, Hawatashinda

Jumatatu, 4 Agosti

Mwaka huu hapana. Nasema hapana! Mashindano ya mpira wa kikapu ya vyuo vya Kanda ya Kati yatachezwa Dodoma, kwenye uwanja wa chuo chetu hapa Nzuguni. Na mwenyekiti wa kamati ya maandalizi nitakuwa mimi, Methusela Chilongani, mhadhiri wa ugavi na mlezi wa michezo.

Kila mwaka Singida. Singida! Bunge liko hapa. Wizara ziko hapa. Lakini kikapu, mpaka tupande basi kwenda Singida kama wakwe tusiotakiwa. Vyuo vinapiga kura, Singida wanapita, sisi tunapiga makofi. Mikono yangu imechoka.

Leo Erica, kepteni wa timu ya wasichana, kanifuata ofisini. Huu ni mwaka wake wa mwisho. Mama yake anauza nafaka sokoni Majengo na hawezi kufunga kibanda wiki nzima aende Singida. Hajawahi kumwona binti yake akicheza. Hata mara moja! Akaniuliza: "Mwalimu, mwaka huu tutapata kweli?" Nikamwambia amwambie mama yake ashone gauni kabisa.

Nimeguswa sana. Pia nimefikiria trakisuti ya mwenyekiti. Ya bluu, jina mgongoni.

Mpango ninao. Ni mzuri mpaka naogopa kuuandika. Wanaoipigia Singida kura hawaipendi Singida, wameizoea tu. Wakipata mtu wa kumwonea huruma, watamhurumia. Kwa hiyo Kondoa nao waombe! Kile chuo kidogo cha kilimo, uwanja wa udongo, ringi zimepinda. Hakuna mwenye akili zake atakayepeleka mashindano kule. Lakini kura mbili tatu za huruma watapata, na zote zitatoka kwa Singida. Singida chini, Dodoma juu.

Nimempigia Shamila, mwalimu wao wa michezo. Binti mwenye adabu, alianza kwa shikamoo na kumaliza kwa shikamoo. Akasema hawajawahi hata kuota kuomba. Nikamwambia waote leo. Akasema hajui kuandika hotuba ya kuomba. Nikamwambia hotuba naandika mimi. Alinishukuru mpaka nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Jumanne, 5 Agosti

Nani alipanga kikao cha wajumbe wiki ya Nane Nane? Mimi. Nilitaka wauone mji umechangamka. Umechangamka kupita kiasi! Maonyesho yako hapa hapa Nzuguni, gesti zote zimejaa wakulima na wauza matrekta. Wajumbe hawana pa kulala.

Bi Sidonia, mwenyekiti wa kanda, akaamua tuwagawane majumbani. Akasema kwa upole kwamba mimi na Octavian wa Singida tunafahamiana vizuri, basi Octavian alale kwangu. Kwangu! Adui!

Kaja na kuku wawili hai na dumu la mafuta ya alizeti. Hana, mke wangu, alimpokea kama kaka yake aliyepotea. Shemeji karibu, shemeji kaa hapa penye upepo. Kiti changu! Kabla chai haijachemka shemeji alikuwa ameshalitengeneza komeo la geti, ambalo mimi nimesema toka Pasaka kwamba nitalitengeneza. Hana akanitazama. Sikupenda anavyotazama.

Nikajifungia chumbani nikaandika hotuba ya Kondoa. Niliiandika kwa hasira na ikatoka tamu. Nikabuni kwamba uwanja wao ni wa udongo laini, mpira ukidunda haurudi juu, kwa hiyo wasichana wa Kondoa wamejifunza kutouacha udondoke kabisa. Wanarushiana tu, mkono kwa mkono, toka mwanzo mpaka mwisho. Nikaongeza kwamba hawajawahi kuwa wenyeji wa kitu chochote isipokuwa misiba.

Nikamtumia Shamila kwa simu. Akanipigia kwa sauti ya kulia: "Mwalimu, umejuaje? Ndivyo ilivyo kabisa."

Nilishtuka. Halafu nikajipongeza. Ukweli wenyewe unanifuata.

Jumatano, 6 Agosti

Siku ya wajumbe kukagua uwanja wetu. Aibu! Na siyo yangu.

Alfajiri nilisimamia uchoraji wa mistari kwa chokaa. Ikapendeza, nyeupe kama kanzu. Saa tatu upepo wa Agosti ukaja kutoka upande wa mlima, ukainyanyua mistari yote ukaipeleka mtaa wa Area D. Wajumbe walipofika, mistari ilikuwa juu ya suti zao. Nani anafanya ukaguzi mwezi wa upepo? Ni kweli tarehe nilipanga mimi, lakini upepo nao una saa zake, ulipaswa kuja jioni.

Nilikuwa pia nimeomba kwaya ya kanisa letu ije ijaze majukwaa na kushangilia mechi ya maonyesho ya wasichana wetu. Kiongozi wao alisema watakuja, ila kesho yake wana maziko, kwa hiyo nyimbo walizozifanyia mazoezi ni hizo tu. Nikamwambia wimbo ni wimbo. Kosa! Erica alipofunga kikapu cha kwanza, kwaya nzima ikasimama ikaimba kwamba safari yetu duniani imekwisha. Bi Sidonia akavua miwani. Mjumbe mmoja akaniuliza pole pole ni nani tumempoteza.

Lakini wasichana walicheza! Lazima niandike hilo. Erica alikuwa anapita katikati ya watu kama maji. Octavian alipiga makofi kwa kusimama, akasema timu hii inastahili kuonekana na watu wengi. Unafiki mtupu. Nikamwambia asante.

Mchana nikafanya kazi yangu ya kweli. Nikamfuata mjumbe mmoja mmoja, pembeni, kwa sauti ya chini. Kila mmoja nilimwambia hivi: Shamila ni mtoto wetu, amekuja kutoka mbali, itakuwa vibaya arudi Kondoa na sifuri. Wewe mpe kura yako tu, moja, ya kumtia moyo, wengine watamaliza kazi. Kila mmoja alitikisa kichwa kwa huzuni akasema nina moyo mzuri.

Nilipanga kuwaambia wapiga kura wa Singida peke yao. Lakini Bi Angelina wa Mpwapwa, ambaye kura yake ni yetu, alikuwa amesimama karibu, nikaona nisimbague. Halafu yule wa Manyoni. Nilikuwa nimekolea.

Jana Hana aliniuliza kwa nini nisiseme tu wazi kwamba wasichana wetu wanataka kucheza mbele ya wazazi wao. Nilisahau kuliandika kwa sababu ni swali la mtu asiyejua siasa za michezo.

Alhamisi, 7 Agosti

Siwezi kuandika.

Naandika.

Kikao kilianza vizuri. Singida wakaomba. Octavian alisema maneno machache, akakaa. Sisi tukaomba. Nilizungumza kwa kirefu: makao makuu, reli, zabibu. Nilikuwa nimeleta zabibu za Mbabala kwenye sinia kubwa, wajumbe wakala zote huku wakinitazama kwa mapenzi. Nikasema moyoni, imekwisha hiyo.

Akasimama Shamila. Akasoma hotuba. Hotuba yangu! Sikujua ilikuwa nzuri hivyo. Alipofika pale pa mpira kutodondoka, wajumbe wakaweka kalamu chini. Alipofika pale pa misiba, nikasikia mtu analia kwa kwikwi nyuma yangu. Alikuwa Batholomeo. Kocha wetu! Mtu mzima, mpana kama kabati, analia kwenye fulana ya chuo chetu. Nikampa kitambaa. Nikamnong'oneza ajikaze, tunashinda.

Hapo simu ikaita. Bajaji iliyobeba pilau ya ushindi imekwama kwenye msongamano wa Nane Nane, dereva hajui atokee wapi. Ningeachaje? Wajumbe hawali maneno. Nikamwambia Batholomeo apige kura ya chuo kwa niaba yangu. Akaitikia, bado anafuta pua. Sikumwambia apigie nani. Mtu wa Dodoma anaambiwa apigie nani?

Nikakimbia. Nikaikuta bajaji imekwama kati ya trekta na ng'ombe wa maonyesho. Tukaisukuma kinyumenyume, sufuria nimekumbatia mimi. Nilirudi nina masizi kifuani na shati linanukia bizari.

Nikiwa mlangoni, nikasikia makofi. Makofi makubwa, vigelegele! Wajumbe wote wamesimama wananitazama. Nikaelewa.

Nikaweka sufuria chini. Nikaenda mbele. Nikanyoosha mikono kuwatuliza. Nikasema kwa niaba ya wana Dodoma wote napokea heshima hii kwa unyenyekevu. Nikasema Singida wasijisikie vibaya, kushindwa ni sehemu ya mchezo. Nikasema Kondoa nao wasikate tamaa, iko siku. Nikataja trakisuti.

Bi Sidonia aliniacha nimalize. Ni mama mwenye adabu. Kisha akasoma matokeo tena, kwa ajili yangu.

Singida kura moja. Kondoa zote zilizobaki.

Dodoma sifuri.

Sifuri! Nilimtazama Batholomeo. Akasema, mwalimu, ile hotuba. Nikamwambia ile hotuba nimeandika mimi! Akasema anajua, Shamila amewaambia wote, ndiyo maana alijua ninachotaka.

Na Shamila akaja akapiga magoti mbele yangu, mbele ya kanda nzima, akanishukuru. Bi Sidonia akasema hajawahi kuona kiongozi anayeacha cha kwake kwa ajili ya wadogo. Akapendekeza niitwe mlezi wa heshima wa timu ya Kondoa. Ikapitishwa. Hiyo nayo kwa kura zote!

Wakapitisha pia kwamba kila chuo kichangie saruji ya uwanja wa Kondoa. Na ringi zetu mpya, zile zenye magurudumu, ziazimwe.

Pilau waliila yote.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya wakulima. Mji mzima unasherehekea alizeti. Sitaki kuiona alizeti.

Octavian kaondoka asubuhi. Aliaga kwa heshima. Akasema ile kura moja ya Singida ilikuwa yake, ameona aibu kuipiga, laiti angekuwa na moyo kama wangu. Hana akamfungia vitumbua vya njiani. Mimi sijawahi kufungiwa vitumbua vya njiani.

Saa nne Erica akaja nyumbani. Hakukaa. Alisimama kizingitini akaniuliza: "Mwalimu, kwani sisi tuliomba au hatukuomba?"

Nikaanza kumweleza jinsi kura zinavyogawanyika. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema mama yake alishanunua kitambaa. Akasema Kondoa hana kinyongo nao, wanacheza vizuri na wanastahili. Alichotaka kujua ni kwa nini hata mtu mmoja hakuwataja wao, wasichana wa hapa. Nilitaja zabibu. Nilitaja reli.

Nikamwambia ni mambo ya mikakati. Akasema sawa, shikamoo, akaenda. Shikamoo ya kuondokea! Hiyo siyo salamu, hiyo ni kofi.

Hana aliyasikia yote kutoka jikoni. Alikuwa anakata vitunguu kwa nguvu zaidi ya inavyohitajika.

Sikula vizuri mchana. Kulikuwa na kuku wa Singida. Nilikula paja moja tu, na kidari.

Jumapili, 10 Agosti

Mambo yamekaa sawa, kama nilivyojua.

Baada ya ibada nimekutana na Erica na mama yake nje ya kanisa. Mama mwenye sauti ya sokoni. Akanisalimia, akasema habari za Kondoa amezipata. Kumbe wafanyabiashara wa Majengo huwa wanapanda Kondoa kununua mahindi na ufuta! Singida hana shughuli nako, lakini Kondoa angekwenda tu, mashindano yawepo yasiwepo. Erica ndiye aliyepiga hesabu za safari na wenzake wa sokoni. Gari la mzigo litamsubiri mpaka mechi zote ziishe. Atakaa mstari wa mbele, na gauni lake. Erica alikuwa anacheka. Sijamwona anacheka hivyo tangu aanze chuo.

Nikawaambia hilo ndilo nililokuwa nimelenga toka mwanzo.

Mama yake akaniuliza kama naumwa.

Hawanielewi. Sawa. Watu wanaoona mbali hawaeleweki upesi. Jioni nimekaa barazani nimetafakari kwa makini wapi palikosewa, na nimepaona. Mpango ulikuwa safi. Kosa lilikuwa kuchagua Kondoa, mahali panapotia huruma kupita kiasi. Na kosa la pili, mnyonge wa kugawa kura alikuwa mmoja, kwa hiyo huruma yote ikamwendea yeye. Mwakani wawe wawili! Huruma itagawanyika, Singida itapasuka, Dodoma tutapita katikati tukiwa tumenyooka.

Nimeshampigia Denis, mwalimu wa michezo wa Manyoni. Kijana mzuri, mnyonge kidogo, hajui kuandika hotuba. Nimemwambia asijali, hotuba ninaandika mimi, na safari hii nitaweka na bibi anayetembea kwa miguu kuja kutazama mechi. Denis akauliza, je, wakishinda?

Nimecheka mpaka Hana akatoka ndani kuangalia kuna nini. Washinde! Manyoni!