Maji Yaliyochoka

Idara ya Mwendo wa Maji ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba hatimaye imegundua kiini cha matatizo yote ya kijito: maji yalikuwa yamechoka. Yalichoshwa na gurudumu dogo la kuzalishia umeme ambalo fundi cherehani mmoja alikuwa amelifunga nyuma ya nyumba yake.

Mkaguzi alifika asubuhi akiwa na amri iliyokwisha kusainiwa na kugongwa muhuri, kwa kuwa Idara haipendi kuchelewesha uamuzi kwa sababu ya uchunguzi. Amri ilisema gurudumu ling'olewe, na kila kitu kilichonufaika na umeme wake kitaifishwe papo hapo.

"Mguu wangu huu hauwezi kukanyaga pedali," fundi alisema. "Bila umeme huo sina kazi, baba."

"Pole sana, mama. Lakini hata maji ni watumishi wa umma. Yana haki ya kupumzika."

Akachuchumaa kijitoni kuyapima uchovu. Hapo ndipo suruali yake, iliyolitumikia taifa kwa miaka kumi na mmoja, ilipopasuka kutoka kiunoni hadi karibu na goti. Haukuwa mpasuko wa kuzibwa na faili.

"Fundi, fanya haraka," jirani alisema akichungulia juu ya ua. "Serikali inapigwa baridi."

Mkaguzi akajifunga kitambaa cha pazia chenye maua. Gurudumu likazunguka, cherehani ikavuma, na baada ya dakika tatu suruali ikarudi mwilini, imara kuliko siku iliponunuliwa. Akakohoa, akamkabidhi fundi amri.

Fundi akaisoma polepole, kama apimaye kitambaa cha ghali.

"Kila kitu, Bwana Mkaguzi?"

"Kila kitu. Hatuna upendeleo."

"Basi vua."

Mkaguzi aliwatazama majirani, ambao sasa walikuwa wameujaza ua mzima.

"Na njiani umpitie Mkurugenzi wako," fundi aliongeza kwa upole. "Ile suti yake ya hotuba nilimpanulia kiuno juzi, hapahapa."

Mkaguzi akachuchumaa tena, safari hii kwa tahadhari. Akachovya kidole majini, akakitazama kwa muda mrefu kama daktari.

"Huu si uchovu," alisema. "Ni utulivu."

Jioni hiyo Idara ilitangaza, kwa fahari ileile, kwamba maji yamepona. Mkurugenzi aliisoma taarifa mwenyewe, mkono mmoja ukiwa umeishika suruali kiunoni, asije raia yeyote akaikumbuka amri.